Madume Tuliowatupa kwenye Maji ya Sabuni

Juma lililopita nilipita labo, ile maabara yetu ya wadudu, pale Himbi, kuwasalimia tu. Nimestaafu, lakini miguu haijapata habari. Nikamukuta Neema, yule fundi wenu mupya mwenye miwani, ameinama juu ya mikroskopu anachambua usubi wa asubuhi. Ana mikono mizuri, nasema kweli, hata mimi sikuwa nayo kwa umri wake. Jike, kichupa. Jike, kichupa. Halafu nikaona kibano kinakwenda upande mwingine, kinadondosha kitu ndani ya bakuli la maji ya sabuni. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Neema, hao ni nini?"

"Ni madume, Papa Kasereka."

"Na unawatupa kwa nini?"

Akaniangalia kama vile nimemuuliza kwa nini anavua viatu kabla ya kulala. "Papa, dume haumi mutu. Hata fishi, karatasi tunayojaza, haina nafasi yake."

Nilipiga kelele. Munajua wote, mulikuwepo. Nikaacha chai mezani, sikunywa hata funda moja, nikatoka. Nilipofika nyumbani, mtaani Mapendo, mama watoto akaniuliza nani amenikosea. Nikamwambia ni mimi mwenyewe, wa zamani.

Sasa mukae chini, Neema na wenzako wote mulioshika vibano nilivyoviacha. Kwa zile kelele siombi radhi, maana hilo neno, "dume haumi mutu", nililisema mimi miaka kumi na moja katika chumba hichohicho. Nitawaambia lilifanya nini.

Kwanza mududu mwenyewe. Najua muna mashine inayosoma virusi hata ndani ya mguu wa usubi, na mimi nilipoanza tulikuwa na taa ya mafuta na macho. Lakini wangapi kati yenu mumekaa mbele ya ukuta wa mawe saa kumi na mbili asubuhi, umande bado uko shingoni, mukamutafuta usubi kwa jicho? Ni mudogo kuliko mbu, ana manyoya, rangi ya vumbi. Akitua anasimamisha mabawa juu, hayalazi. Na haruki vizuri. Anarukaruka ukutani, hatua fupi, anapumzika, anarukaruka tena. Upepo kidogo tu, amekwisha. Kwa hiyo pale unapomukamata, ujue nyumbani kwake ni karibu, hakutoka mbali. Hilo muliandike mahali, tutalirudia.

Aliyenifundisha ni Muzee Salumu, fundi wa kwanza wa labo yetu, Muislamu, wazazi wake walitoka Kindu. Alinipa murija wa kunyonya: kioo huku, mupira wa mudomo kule, na katikati kitambaa chepesi cha kuzuia mududu asifike kooni. Siku yangu ya kwanza kitambaa kilikuwa kimechanika, sikukagua. Nikanyonya kwa nguvu zote za kijana kutoka Butembo anayetaka sifa. Nikanyonya ukuta mzima. Nilipoangalia ndani ya kioo, hakuna kitu. Muzee Salumu akatoa kalamu, akaandika kwa utulivu, akisema kwa sauti: "Usubi kumi na mbili. Mahali walipopatikana: tumbo la Kasereka." Aliniita Tumbo mupaka siku anastaafu. Tangu hapo nakagua kitambaa, na ninyi mukague.

Muzee Salumu alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha. Sisi wote tulitupa madume. Vichupa vilikuwa vichache, azoti, ile naitrojeni ya kugandisha, ilikuwa ya shida, na fishi ilikuwa na mistari ya majike tu, kwa sababu jike ndiye anayenyonya damu. Yeye aliweka madume ndani ya kichupa chao na kukifunga uzi mwekundu shingoni. Dokta, mukubwa wetu wa labo wakati ule, alikuwa anamutania: "Salumu, unafunga ndoa?" Alipostaafu, aliniachia kibunda cha ule uzi ndani ya mutoto wa meza. Sikukigusa. Nilikuwa nataka kuwa fundi mwenye haraka, na nilikuwa fundi mwenye haraka.

Basi ikaja vita. Musiniulize ni ipi, hapa kwetu ukisema "wakati wa vita" kila mutu anachagua yake. Watu waliteremka kutoka milima ya Masisi, wakawekwa kwenye kambi moja juu ya mawe ya volkano, upande wa barabara ya Sake. Kambi ilikuwa imejaa zamani. Wa mwisho kufika, familia ishirini na kitu, wakapewa mwisho kabisa wa kambi, kando ya zizi kuukuu la mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa wameibwa na wenye bunduki, wakabaki watatu. Ukuta wa zizi ulikuwa mawe meusi yaliyopangwa bila sementi, na katikati ya mawe kulikuwa na mavi ya mbuzi, majani yaliyooza, mashimo ya panya. Mimi nikiona mahali kama pale mate yananitoka, ni soko la usubi. Aliyewaweka watu pale na watoto wao, huyo sijui alikuwa anaangalia nini.

Wiki mbili hazijaisha, homa ikaanza. Munaijua: siku tatu, kichwa kinapasuka nyuma ya macho, macho mekundu, mifupa yote inalia, halafu inakuacha umelegea wiki nzima. Kwa kawaida haiui. Wa kwanza kuanguka alikuwa bibi mumoja, wote walimwita Koko, mwenye rozari shingoni na kiko mudomoni. Aliishi na binti yake, Mama Furaha, chini ya bashe la plastiki lililofungwa kwenye ukuta wenyewe wa zizi. Baada ya Koko wakaanguka watoto wa jirani, halafu wa safu ya pili, halafu wa safu ya tatu.

Wakagawa vyandarua. Ee Mungu wangu, vyandarua! Viliteremshwa kutoka gari na picha zikapigwa. Nikamuonyesha yule aliyekuwa anapiga picha: usubi ni mudogo, tundu la chandarua cha mbu ni mulango kwake, anapita bila hata kuinama. Akaniambia nisivunje watu moyo. Nikanyamaza. Nilinyamaza mara nyingi kazini, ndiyo maana sasa ninapayuka.

Na jirani wakaanza kusema. Homa haikuwepo hapa, wamekuja nayo hawa wa mwisho, wameitoa porini. Kisimani Mama Furaha anawekwa nyuma. Watoto wake wanafukuzwa kwenye mchezo. Na Koko, badala ya kukasirika, akasadiki! Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alipita hema kwa hema, na fimbo yake, kila palipo na mutoto mugonjwa, anasema, "Munisamehe, miye sikujua niko nayo."

Dokta akanituma. Niliweka mitego ya taa jioni na kuichukua asubuhi, na mitego miwili batri zake zilikwenda na askari kuendesha redio yao, hiyo tulishazoea. Nilipata usubi wengi. Nikarudi labo, nikachambua kama Neema: jike, kichupa, jike, kichupa. Madume walikuwa wengi kuliko kawaida, nakumbuka, nilisonya kwa sababu walinichelewesha. Bakuli la sabuni likawa jeusi. Sanduku la vichupa likapanda ndege kwenda labo kubwa ya mbali. Wakati ule ndege bado zinaruka, na siku ya kumi majibu yakarudi: virusi imo ndani ya majike.

Nilifurahi! Nilibeba karatasi mwenyewe mupaka kambini kwenye mukutano wa komite, nikidhani naleta dawa ya maneno. Nilisimama mbele ya watu nikasema: homa inaletwa na mududu, haitoki kwa mutu kumugusa mutu, tusafishe zizi. Prezida wa komite, mwanaume mnene mwenye megafoni asiyoiachia hata akienda chooni, akaniuliza kwa upole.

"Fundi, ule mududu anakulaka nini?"

"Jike ananyonya damu."

"Ya nani?"

"Ya watu. Ya mbuzi. Ya panya."

"Ya batu." Akageukia mukutano. "Mumesikia? Mududu alinyonya damu ya batu, njo akapata virusi. Na hapa batu bapya ni banani? Beko kule ku zizi. Mududu alitoa ugonjwa kwao, akatuletea siye. Fundi mwenyewe amesema!"

Watu wakapiga makofi. Nikaitazama karatasi niliyoshika, na kwa karatasi ile alikuwa na haki. Jike ameuma kila mutu, utajuaje alipoanzia? Ikaamuliwa kwamba Jumamosi ya juma linalofuata familia zile zote zitoke kambini. Waende wapi? Mbele, barabara hiyohiyo, kule bunduki zinakosikika. Karatasi yangu, kazi yangu, mihuri miwili. Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma ya wote, akaniangalia tu. Koko alikuwa anabusu rozari.

Nilitoka pale moja kwa moja kwenda Birere kwa Muzee Salumu. Alikuwa ameanza kupoteza macho, lakini alinijua kwa hatua. Nikamweleza yote. Akauliza neno moja.

"Tumbo, madume wamesema nini?"

"Madume gani?"

"Wa zizi. Uliwapeleka?"

"Niliwatupa, Muzee. Dume haumi mutu."

Akapiga goti lake kwa kiganja, paa! "Ndiyo maana wanawekwa, mupumbavu! Dume haumi mutu, haumi mbuzi, haumi panya. Anakunywa utamu wa majani, basi. Sasa ukimukuta na virusi, aliitoa ku damu ya nani?"

Nilijiona mujinga. Mutu mwenye cheti ukutani, na jambo ni jepesi hivi. Dume mwenye virusi hakuipata kwa kuuma. Alizaliwa nayo. Mama yake aliiweka ndani ya yai. Yai likalala katika uchafu wa mawe, likawa kifunza, kifunza kikajifungia ndani ya ganda, kikatoka usubi mwenye virusi ambaye hajawahi kumugusa mutu. Na si mayai tu: dume mwenye nayo anaweza kumwambukiza jike wanapopandana, na jike ataiweka katika mayai yake. Hivyo virusi inakaa ndani ya ukoo wa usubi, kizazi kwa kizazi, na ukame ukija inangoja udongoni pamoja na vifunza. Watu wakiwepo, inawaonja. Watu wasipokuwepo, haiwalilii. Ninyi munaita hilo kwa jina refu la Kifaransa na munalifaulu kwenye mutihani. Basi mulijue na kwa mikono.

"Na mahesabu mengine," Muzee Salumu akasema. "Kwa hii baridi yetu, yai mupaka kuruka ni muda gani?"

"Wiki saba. Miezi miwili."

"Na hao watu wako pale tangu lini?"

Hawakuwa wamemaliza wiki tano. Munaona? Usubi harukii mbali, dume wa zizi ni wa zizi. Dume wa zizi mwenye virusi alitoka katika yai lililotagwa kabla Koko hajateremka mulima. Virusi ilikuwa mwenyeji. Koko ndiye aliyewekwa kulala mudomoni mwake. Ushahidi wote huo ulikuwa mkononi mwangu wiki mbili nyuma, nikauzamisha kwenye sabuni nikisonya.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa zizini na murija. Mitego sikuwa nayo tena, batri zimekwisha. Usubi mchana wanajificha ndani ya mawe, na njia ya kuwatoa ni kupuliza moshi ndani ya ufa. Muzee Salumu alitumia sigara. Mimi sivuti. Nikawa napuliza pumzi yangu kama mupumbavu, hakitoki kitu. Mama Furaha akatoka chini ya bashe na mikono kiunoni.

"Papa, unatafuta nini tena? Si mulishatufukuza?"

Nikamweleza. Sikuficha kwamba nilitupa wa kwanza? Nilificha. Nilisema tu kwamba nahitaji madume, na kwamba madume watasema homa ilikuwa hapa kabla yao. Alisikiliza mupaka mwisho, halafu akaita ndani: "Mama! Kuya na kiko!"

Koko alikuja na fimbo yake, bado hajapata nguvu zote, akachuchumaa mbele ya ukuta, akavuta mashavu yote mawili, akapuliza ndani ya ufa. Usubi wakatoka wakirukaruka ukutani. Mama Furaha alishika kakioo cha kujitazamia, akarusha jua ndani ya mashimo nione. Na mimi nilinyonya. Madume walikuwa wengi karibu na mbuzi watatu, maana ndipo wanapowangojea majike. Unawajua kwa mkia, una vikulabu viwili. Tulifanya hivyo asubuhi tatu. Koko alicheka asubuhi ya pili, akasema tangu azaliwe hajaona mwanaume anayekula vidudu kwa mashine. Nilipata madume kumi na saba, wazuri, wazima.

Asubuhi ya tatu aliniuliza, bila kuniangalia, anasafisha kiko: "Mutoto yangu, kama hawa beko nayo, si miye nilileta?"

"Kama wanayo, si wewe, Koko. Haiwezi kuwa wewe."

"Utanijulisha?"

"Nitakujulisha."

Nilimwambia hivyo. Nitakujulisha.

Dokta alikataa. "Kasereka, fishi iko wapi ya madume? Kichupa ni cha majike. Nikipeleka takataka watatucheka." Nikamweleza mahesabu ya wiki saba. Akasema ni ya kuvutia, atalifikiria. Mutu anaondolewa Jumamosi, na yeye analifikiria! Nikafungua mutoto wa meza, nikatoa kibunda cha uzi, nikafunga kichupa shingoni, nikakitumbukiza ndani ya azoti pamoja na majike. Kwenye fishi, chini kabisa pasipo na mustari, nikaandika kwa mukono: madume kumi na saba, zizi, tafadhali sana.

Nilikwenda na kwa Prezida, nikamuomba angoje majibu. Akaniambia kambi si labo.

Na ndege haikuja. Mapigano yalisogea, uwanja ukafungwa. Azoti inakwisha yenyewe, hata ukiitazama. Inatoka mvuke, na ikiisha, mududu anaoza na virusi inakufa. Labo haikuwa na nyingine. Munajua nani aliiokoa? Watu wa mifugo, wanaohifadhi mbegu za ng'ombe dume. Mara tatu nilibeba bidoni langu la azoti kwao, na mara tatu walinijazia, wakinitania kwamba madume wangu ni wadogo mno kupanda ng'ombe. Sitawasahau. Katika habari hii yote, wao na Koko ndio waliofanya kazi bila kuuliza fishi.

Jumamosi ilifika kabla ya ndege. Niliwaona wakitoka, familia zote, sufuria kichwani, watoto mugongoni. Bashe waliambiwa waliache, ni la kambi. Koko alipita mbele yangu na fimbo. Hakuniuliza kitu. Alinyanyua kiko kidogo, hivi, kama kunikumbusha. Nikatikisa kichwa, bado.

Hema la Prezida lilikuwa penye mawe makali, na pale kando ya zizi palikuwa tambarare. Jumatatu yake akahamia. Mimi siwezi kumucheka mutu kwa ugonjwa wa watoto wake, lakini waliugua, wote wanne, na yeye mwenyewe akaanguka na megafoni yake. Wageni walikuwa wamekwenda, na homa imebaki na wenyeji. Hakuna aliyeuliza nani ameileta safari hii.

Sanduku liliondoka baada ya miezi, majibu yakaja baada ya mingine. Madume wote walikuwa wamesagwa pamoja, na mbele ya mustari nilioandika kwa mukono kulikuwa na neno moja: imo. Nilikimbia kwa Dokta. Nikamwambia tulitangaze, kambini, kwenye redio, kanisani, popote. Akaisoma, akaikunja vizuri.

"Familia zile zilishaondoka, Kasereka. Tutamusomea nani?"

Akaiweka ndani ya mutoto wa meza. Na mimi, fundi, baba ya watoto sita, sikuivunja ile meza. Nilingoja atoke kula, nikainakili kwa mukono wangu neno kwa neno, nikaiweka ndani ya kitabu cha sala. Nilitembea nayo miaka. Kila mara nikisikia kuna deplase, waliokimbia vita, wa Masisi mahali, nilikwenda kuuliza: mama mumoja, anaitwa Mama Furaha, na bibi mwenye kiko. Niliulizia mupaka Sake, mupaka Minova.

Nilimupata Mama Furaha hapahapa. Dakika kumi kutoka nyumbani kwangu, kwenye soko dogo karibu na Katindo, anauza makala, mkaa wa kupikia. Mikono myeusi mupaka kwenye viwiko. Alinijua kabla sijasema.

"Papa wa vidudu."

Nikatoa karatasi kabla hata ya salamu. Maneno yalinitoka ovyo: walikuwa nayo, madume walikuwa nayo, ilikuwa pale kabla yenu, si ninyi, Koko yuko wapi, nilimwahidi.

Akaketi juu ya gunia. "Mama alikufa ku njia. Hatukufika hata mbali." Akapangusa mikono kwenye kitenge, pole pole, kidole kwa kidole. "Homa ilikuwa imemutoka. Ni kutembea njo ilimuua. Na unajua alikuwa anasema nini? Alikuwa anaomba batu musamaha. Mupaka mwisho. Batu benye tulikuwa tunatembea nabo, mumoja mumoja, anabashika mukono: munisamehe, miye njo nilileta."

Akanyosha mukono kuchukua karatasi, akaigeuza, akanirudishia. "Unisomee. Kwa sauti."

Nikasoma, hapo kati ya makala. Mahali, zizi. Aina, usubi madume. Idadi, kumi na saba. Virusi, imo. Akina mama wenzake waliacha kupima wakasogea. Aliniambia niwaeleze maana yake, nikawaeleza: yai, kifunza, wiki saba. Walielewa haraka kuliko Dokta. Mumoja akasema, "Kumbe Koko ya batu hakukuwa na kosa," na Mama Furaha akaitika kwa kichwa.

Halafu akaniuliza. Nilijua ataniuliza, nilikuwa nimeingojea miaka yote hiyo.

"Papa, ile mara ya kwanza, kabla ya mukutano. Majibu ilikuya siku kumi tu. Madume ya ile mara, walisema nini?"

"Sikuwapeleka."

"Ulibapeleka wapi?"

"Niliwatupa."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alirudi kwenye makala yake, akajaza ndoo moja, akaimwaga ndani ya gunia la muteja, akajaza ya pili. Nilisimama pale na karatasi mukononi mupaka alipomaliza. Akasema, bila kugeuka, "Soma tena. Sasa utaje na jina yake." Jina la Koko halikuwa kwenye karatasi, Neema. Kwenye karatasi zetu halina nafasi. Nililitaja hata hivyo, jina lake la ubatizo, alilonifundisha binti yake palepale, nikasoma yote tena kutoka juu mupaka neno la mwisho.

Neema, nimekuachia kitu kwa mulinzi wa geti, ndani ya bahasha. Ni uzi mwekundu, kibunda kizima, kilekile cha Muzee Salumu. Kile kibakuli cha maji ya sabuni ukimwage leo.